Sakafu Ipi Iliyo Safi?

Neno "safi" twalitumia kwa maana mbili, nazo hazifanani. Sakafu ni safi ikiwa imefagiwa na kupigwa deki. Lakini siku hizi wauzaji wa vifaa vya ujenzi wameleta usafi wa namna ya pili: kigae hiki, wasema, au zulia lile, ni "rafiki wa mazingira". Usafi wa kwanza mama mwenye nyumba huukagua kwa macho yake. Wa pili hauonekani nyumbani hata kidogo, maana uchafu wake umebaki mbali, machimboni, msituni na kwenye tanuri. Na kwa sababu hiyo ni rahisi mno mtu kudanganywa.

Tuanze na saruji. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika joto la digrii zipatazo 1,450. Hewa ya ukaa itokayo hapo, ile inayozidisha joto la dunia, zaidi ya nusu yake haitoki katika makaa yachomwayo, bali katika jiwe lenyewe. Hata tanuri lingewashwa kwa nguvu za jua, jiwe lingetoa hewa hiyo vilevile. Ndiyo maana viwanda vya saruji ulimwenguni huhesabiwa kutoa sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Vigae navyo vina tanuri lao, la digrii zaidi ya 1,000, na tena kwa kawaida hulazwa juu ya saruji. Anayesifu kigae chake husahau kuhesabu kilicho chini yake.

Mbao je? Mti ukiwa hai huvuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba mwilini mwake; hilo ni jema. Lakini mninga huhitaji zaidi ya miaka 50 kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na ukikatwa pasipo mche wa kushika nafasi yake, ubao ule mzuri ni mali iliyochukuliwa kwa wajukuu. Zulia la plastiki tutalitaja kwa ufupi: hufanywa kwa mafuta ya petroli na klorini itokayo katika chumvi, hupasuka upesi, na likipasuka huchomwa nyuma ya nyumba, nao moshi wake ni sumu.

Wapo wanaotamani ya kale. Wakumbuke kwamba chokaa ya majumba ya mawe ya pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya chungu kubwa ya magogo. Wazee nao walikula msitu.

Basi yabaki sakafu ya udongo, ile inayosiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Haina tanuri wala lori. Kwa hesabu ya hewa peke yake, hakuna inayoishinda. Na hapa ndipo twaona jambo zito kuliko hesabu. Mavumbi ya sakafu hiyo ni makao ya funza, mdudu aliyeletwa Angola na merikebu kutoka Brazil mwaka 1872 akaenea hadi kwetu kabla karne ile haijaisha. Ni makao ya mayai ya minyoo pia. Huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwajengea maskini sakafu za saruji. Wachunguzi waliotoa taarifa yao mwaka 2009 walikadiria kwamba nyumba ikibadilishwa sakafu yote, minyoo kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Nani basi, akiwa ameketi juu ya vigae vyake, atamwambia mjane abaki na udongo kwa faida ya dunia? Anayesema hivyo na alale yeye juu yake.

Twasema kwamba mfuko wa saruji haubebi lawama moja kila uendako. Unaofunika mavumbi ambamo mtoto atambaa ni deni la haki. Unaomwagwa ili kuzika sakafu nyekundu iliyo nzima, inayong'aa kwa nta kama siku ilipowekwa, kwa kuwa tu jirani ameweka vigae vyeupe, ni deni la namna nyingine. Tumeona majumba, na ya watu wote pia, yakivunjiwa sakafu ngumu ambayo ingalidumu miaka 30 mingine, na kifusi chake kikatupwa korongoni. Mwenye kufanya hivyo, hata kigae kipya kikiwa na cheti cha namna gani, amelipa mara mbili: tanuri la kwanza limepotea bure, na la pili limewashwa.

Kwa aliye na udongo bado, iko njia ambayo haijulikani sana kwetu. Huko Rwanda shirika liitwalo EarthEnable limekuwa likijenga, tangu miaka ya 2010, sakafu za kokoto na udongo ulioshindiliwa sana, kisha zikapakwa mafuta ya mbegu za kitani ambayo hukauka na kuwa kama ngozi ngumu. Sakafu hiyo hupigwa deki kwa maji, haitoi vumbi, na bei yake ni chini sana ya ile ya saruji. Si ya kila nyumba: paa likivuja, au maji ya mvua yakipita msingini, itaharibika. Tena ina adui ambaye fundi hawezi kumshindilia, nayo ni aibu ya kuambiwa na wageni kwamba mwenye nyumba angali anakanyaga udongo.