Kukaa Kimya na Kukaa na Mtu

Kiswahili kina neno dogo, kukaa, lililobeba mizigo mingi kuliko umbo lake. Mtu hukaa itikafu msikitini. Jamaa hukaa matanga kwa aliyefiwa. Mjane hukaa eda. Mimi nimeongeza ukaaji wa nne, niliojifunza kwa Wabudha, nao umenizulia swali ambalo napenda tulitafakari pamoja, msomaji. Je, mtu anayeuzoeza moyo wake usitikiswe na jambo lolote huwa ameukaribia wema, au huwa amejitenga nao? Silileti swali hili kwa ajili ya kupambana kwa hoja. Lilinikuta Mkonze, usiku, nyuma ya mlango uliofungwa.

Mimi sikupata kusoma chuo kikuu. Lugha ninazozifasiri nimeziokoteza vitabuni, na ni tamaa hiyo ya mfasiri iliyonifikisha kwenye hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lililoasisiwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mna humo mti wa Bodhi, jamaa ya mkuyu wetu. Nilikwenda kutafuta maana za maneno ya Kipali. Nikaelewa upesi kwamba maneno hayo hayafunguki kwa kamusi pekee. Sharti mtu akae kwanza.

Hatimaye nilikaa kozi ya siku 10 nchini Kenya, kwa utaratibu ulioenezwa na S. N. Goenka, mzaliwa wa Mandalay nchini Burma (1924–2013), aliyeanza kuufundisha India mwaka 1969. Kengele hulia saa 10 alfajiri na taa huzimwa saa 3 unusu usiku; katikati yake mwanafunzi huketi kutafakari kwa muda unaokaribia nusu ya siku. Hakuna ada: gharama zako zimekwisha kulipwa na waliokaa kabla yako, nawe ukimaliza utawatolea wajao ukipenda. Siku tatu na nusu za mwanzo ni za kuitazama pumzi tu, inavyoingia na kutoka puani. Kisha mtu huupitia mwili wake kiungo kwa kiungo, bila kuyachukia maumivu wala kuing'ang'ania raha, kwani vyote huja na vyote hupita. Hakuna kusema, hakuna kusoma, hakuna kuandika.

Kwa mtu wa Visiwani haya si mageni kabisa. Kumi la mwisho la Ramadhani tumewaona wazee wetu wakihamia msikitini. Sisemi kwamba ni mamoja, la hasha: mwenye itikafu yuko mbele ya Mola wake, ilhali mwenye kozi yuko mbele ya pumzi yake. Lakini jirani akiwa na ufundi mzuri wa kuchimba kisima, si dhambi kujifunza namna anavyoshika jembe.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimepata kitu. Ndani ya miezi miwili shemeji yangu, Mrangi wa Kondoa, akafariki Mkonze, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, alikokuwa akilima zabibu. Nilifika maziko yamekwisha. Nikabaki ili nimsaidie mdogo wangu wakati wa eda yake, miezi minne na siku kumi. Uwanda ule una mvua ya msimu mmoja, isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Nasi tulikuwa katika kiangazi, vumbi jekundu limetanda na mibuyu haina jani. Kimya cha bara hakifanani na cha Pwani. Kwetu, hata usiku wa manane, bahari inasema.

Usiku mmoja niliamka kabla ya alfajiri nikaketi kama nilivyofunzwa. Chumba cha pili nikamsikia mdogo wangu akilia, kilio cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga asiwaamshe watoto. Nami nikafanya nilichofundishwa, au nilichodhani nimefundishwa: nikaitazama sauti. Ni sauti tu, inakuja, itapita. Moyo haukutikisika. Nakiri, msomaji, kwamba niliona fahari.

Asubuhi akaniandalia chai, kisha akasema bila kunitazama, "Kaka, ulikuwa macho. Niliona taa chini ya mlango."

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina.

Katika daftari langu la tafsiri kuna neno la Kipali upekkha, la mwisho katika tabia nne ambazo Wabudha hutaka moyo uzilee: upendo, huruma, kuifurahia heri ya mwenzio, na hii upekkha, ambayo nilikuwa nimeifasiri "kutotikisika". Siku ile nililitazama neno langu nikaona kwamba jiwe pia halitikisiki. Buddhaghosa, mwanachuoni wa karne ya 5 aliyeandika kitabu chake Visuddhimagga huko Sri Lanka, aliliona jambo hili zamani. Kila moja ya tabia hizo, alifundisha, ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali humjua kwa sura. Adui wa karibu ndiye wa hatari, maana amevaa nguo za rafiki. Na adui wa karibu wa upekkha ni kutojali kwa asiyejua. Mimi nilimfungulia huyu mlango nikampa kiti, nikidhani ni mgeni niliyemwalika.

Nilikumbuka pia kisa cha Kisa Gotami, mama aliyemleta mwanawe maiti kwa Budha akiomba dawa. Hakuambiwa asing'ang'anie. Aliambiwa akalete mbegu za haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akapiga hodi nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ikamsimulia maiti wake. Kwangu mimi, dawa ilikuwa katika hodi zile.

Na kozi yenyewe ilikuwa imekwisha kunijibu, ila sikusikia. Asubuhi ya siku ya 10 wanafunzi hufundishwa metta, kuwatakia viumbe wote heri, na papo hapo kimya hufunguliwa, watu wakarudi kusemezana. Mimi siku ile nilikuwa nikifunga mizigo moyoni. Niliihesabu kuwa siku ya safari, kumbe ndiyo iliyozipa maana siku tisa. Wazee wetu nao hawakuyamaliza mambo msikitini: mwezi ukiandama, fitri sharti imfikie maskini kabla ya swala ya Idi.

Basi jibu langu ni hili, nalo ni la mtu aliyekosea. Utulivu haupimwi kwa yale yasiyotutikisa; jiwe lingetushinda sote. Hupimwa kwa yale tunayoweza kuyakaribia bila kukimbia. Aidha, mimi ukaaji wangu niliuchagua na kwa siku 10 nikapikiwa. Mdogo wangu ukaaji wake hakuuchagua, na katikati yake bado alinipikia chai. Kati yetu wawili, aliyekuwa na cha kumfundisha mwenzake hakuwa mimi.

Usiku uliofuata nilipomsikia niliinuka, nikapiga hodi. Hatukusema mengi. Tulikaa hata muadhini wa mbali akaadhini, yeye akilia, mimi nikiitazama pumzi yangu ili nisiikimbie yake. Katika daftari nimelifuta "kutotikisika". Nimeandika "moyo uliokaa", na pembeni nimeweka alama ya kuuliza: umekaa na nani?