Kujibu na Kuitika

Katika kazi yangu ya kufasiri, liko neno moja la wasanii wa zama hizi ambalo limenisumbua kuliko istilahi nyingi za wanasayansi. Hulitumia kwa sanamu isiyokaa kimya kusubiri kutazamwa, bali iliyotiwa umeme na kompyuta ndani yake, ikawa inamjibu mtazamaji: ukiisogelea inawaka, ukiisemesha inatoa sauti, ukiigusa inabadilika. Wako wanaoiita sanaa hiyo "shirikishi", na wako wanaosema "sanaa ya kujibizana". Majina yote mawili yanafaa kwa matumizi ya kila siku. Lakini chini yake limejificha swali la maadili ambalo kamusi haiwezi kulitatua: je, kila chenye kutujibu kimeshirikiana nasi? Na kikishatujibu, kinatudai nini?

Lugha yetu inatupa vitenzi viwili ambavyo ni vema tuvitenganishe kabla ya kuendelea. Kujibu ni kurudisha neno kwa neno. Kuitika ni kukubali kwamba aliyeitwa ni wewe. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za pwani akiitwa na mkubwa wake haanzi na jibu; huitika kwanza, wa kiume "naam", wa kike "labeka", na kwa kuitika huko amekwisha jifunga kusikia atakaloambiwa. Washairi nao wanajua kwamba kiitikio cha wimbo hakijibu swali lolote. Wanaokiimba wamekubali kuubeba wimbo pamoja na mwimbaji. Na mgeni apigaye hodi hangoji taarifa, angoja kukaribishwa. Milango ya maduka makubwa mjini hufunguka yenyewe mtu anapoikaribia. Imemjibu, naam, lakini hakuna aliyemkaribisha.

Kwa tofauti hiyo mkononi, twende Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Wachongaji wa huko, pamoja na wa Wakwere na jirani zao wengine, walirithishana kwa vizazi umbo dogo la mti liitwalo mwana hiti. Halina mikono wala miguu. Ni kipande cha mti cha mviringo, aghalabu cha kutosha kiganjani, chenye matiti na kitovu, na juu yake kichwa ambacho nywele zake zimegawanyika mapande mawili. Mwali alipowekwa ndani baada ya kuvunja ungo, alikabidhiwa mwana hiti amlee. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akamtunza kama mama amtunzavyo mwanawe. Ilisemwa kwamba mwali aliyempuuza angekuja kupata tabu ya uzazi. Mengine ya unyago si ya kuandikwa na mwanamume, nami sitayagusa.

Litazamwe jambo hili kwa jicho la wale wanaosema kwamba sanaa ya kushirikiana na mtazamaji ilizaliwa pamoja na kompyuta. Mwana hiti hakujibu chochote. Hakulia kwa njaa, hakucheka alipobebwa, hakujua kama mafuta ni ya leo au ya juzi. Majibu yote aliyatoa mwali mwenyewe, kwa upande wake na kwa upande wa mti. Hata hivyo sijui sanamu iliyomfanyisha mtazamaji wake kazi kubwa kuliko hiyo. Aliingia ndani msichana, akatoka mtu aliyezoea kukihudumia kiumbe kisichoweza kujiombea. Mti ulikuwa mwito, na mwali aliuitika kwa mikono yake kwa muda wa miezi.

Leo mwana hiti wengi wamo katika makumbusho za Ulaya, zikiwamo za Ujerumani, iliyoitawala Tanganyika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamewekwa nyuma ya kioo, na hapana ruhusa ya kuwagusa. Kwa upande wa mti, huko ni kuhifadhiwa, na asiyependa mchwa hana budi kushukuru. Kwa upande wa kazi yenyewe, ni kama taa iliyokatiwa umeme: chombo kipo kizima, ila hakuna aitikaye.

Jirani na Kisarawe ni Kibaha, mji wa barabara kuu ya Morogoro na makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Pale Maili Moja, kama ilivyo katika kila mji wetu, wako mafundi wa redio na simu wanaokaa nyuma ya meza ndogo zilizojaa nyaya, spika na vipuri vilivyong'olewa. Mitaani wako watoto wanaosuka magari ya waya yenye usukani mrefu, wayaendeshe wakiwa wamesimama. Hakuna awaitaye hao wasanii. Ninawataja kwa sababu msanii nitakayemzungumzia, ingawa si mtu wa Pwani, ametokana na ujuzi wa namna hiyohiyo.

Jean Katambayi Mukendi alizaliwa mwaka 1974 mjini Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na nyumbani. Alisomea ufundi wa umeme, kisha akauhamishia ufundi huo katika sanaa. Kazi zake nyingi ni mitambo ya kadibodi, nyaya na vipuri vya vyombo vilivyokwisha kufa, iliyopangwa kwa hesabu na jometri, na kisa chake kikubwa ni umeme: nani anao, nani anaungoja, nani anaukatiwa. Kisa hicho hakukitafuta mbali. Mji wake umejengwa juu ya shaba, na shaba ndiyo njia ya umeme duniani kote, lakini taa za mji huohuo huzimika mara kwa mara. Mwaka 1982 ulianza kutumika mkondo wa nyaya kutoka bwawa la Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi kwenye migodi, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja. Mtu aliyekulia chini ya nyaya za aina hiyo hawezi kuuona umeme kuwa ni kitu kisicho na mwenyewe.

Katika mfululizo wa michoro aliouita Afrolampe, Katambayi huchora globu za umeme kwa uangalifu wa mhandisi, nazo ni globu za karatasi zisizommulikia mtu. Mwaka 2019 yeye na wenzake wa kikundi cha On-Trade-Off, kinachowakutanisha wasanii wa Lubumbashi na wa Brussels, walisuka kwa nyaya za shaba gari la Tesla la ukubwa wake halisi. Kikundi hicho kilikuwa kikifuatilia habari za lithiamu ya Manono, madini yanayotakiwa kwa betri za magari kama hayo. Mtoto wa Kibaha angelitambua gari hilo mara moja: ni gari la waya, ila limekua. Halijiendeshi, halina taa wala sauti. Anayelizunguka anaona ndani yake shaba iliyochimbwa, mikono iliyoikunja, na barabara ambazo gari la kweli litapita bila kurudi kwa wachimbaji. Kama mwana hiti, halimjibu mtu, lakini linamdai.

Je, maana yake ni kwamba mashine yenye kujibu haina heri? La, hasha. Uko ushahidi wa kinyume katika kazi za Rafael Lozano-Hemmer, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1967 na kusomea kemia Montreal, Kanada, kabla ya kuwa mmoja wa wanaoheshimiwa sana katika sanaa hii. Mwaka 2006 alitengeneza Pulse Room, ukumbi wenye mamia ya globu zinazoning'inia darini. Mtu hushika vishikio vya chuma, kompyuta ikapima mapigo ya moyo wake, na globu iliyo karibu naye ikawaka na kuzima kwa kuyafuata. Akiachia, mapigo yake yanasogezwa kwenye globu inayofuata, na za waliomtangulia zinasogea mbele, mpaka za mwisho zinatoka katika safu na kusahauliwa. Anayeshika vishikio vile hupata jibu la papo hapo, kisha hufahamu kwamba ili moyo wake uingie, wa mwingine umeondoka.

Kazi yake ya mwaka 2015 imenikaa moyoni zaidi. Mwezi Septemba mwaka 2014 wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, nchini Mexico, walitekwa katika mji wa Iguala. Mabaki ya wachache yametambuliwa; wengine hawajulikani walipo hadi leo. Lozano-Hemmer alichukua programu za kutambua nyuso, zile wanazotumia polisi kuwasakia watuhumiwa, akazifundisha sura za vijana hao. Kazi hiyo aliiita Level of Confidence. Ukisimama mbele ya kamera, mashine inaulinganisha uso wako na nyuso zile, kisha inakuonyesha unayefanana naye zaidi, na kwa kiasi gani. Haimpati kamwe yule inayemtafuta. Kila jibu lake ni kosa, na kila kosa linamweka mbele yako kijana mmoja mwenye jina na mama. Hapo jibu limegeuka mwito. Unaondoka ukiwa umeambiwa kwamba uso wako ungeweza kuwa wake.

Msomaji makini atanikatiza. Atasema kwamba nimemsifu mwana hiti kwa kuwa anadai, na kumbe mwali hakuulizwa. Aliwekwa ndani kwa miezi, zamani hata zaidi, na wajibu ule alitwikwa na wakubwa wake. Binti wa Kisarawe wa leo yuko shuleni, na mgeni wa Pulse Room huingia apendapo na kutoka apendapo. Je, uhuru huo si bora kuliko mafuta na kuta?

Pingamizi hili ni la haki, wala sitaki kulipita kando. Kuitika kwa kulazimishwa kunaitwa utii, na utii pekee haumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini tusidhani kwamba hiari ya zama zetu ni safi. Chombo kinachojibu kuliko sanamu zote ni simu iliyo mfukoni mwa msomaji huyohuyo, awe Kibaha, Unguja au Lamu. Kila akiigusa inajibu, na kila ikijibu inachukua: mahali alipo, aliowasiliana nao, alichokitazama na kwa muda gani. Hakuna aliyemshurutisha, na hakuna aliyemweleza sawasawa. Wazee walimdai mwali waziwazi bila ya kumpa hiari. Simu inatupa hiari, ikatudai kwa siri. Na katika kudaiwa kwa siri mtu hawezi kuitika, maana hajui kwamba ameitwa.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza kwa sanaa hii kina mizani miwili. Kwanza, mwito uwe wa wazi: mtazamaji ajue anachoombwa, iwe ni pigo la moyo, uso wake, au dakika ya kuifikiria shaba. Pili, awe huru kukataa, lakini akikubali asitoke vilevile alivyoingia. Kazi inayotimiza la kwanza bila la pili ni mchezo, na mchezo si dhambi, ila tusiutukuze. Inayotimiza la pili bila la kwanza ni mtego. Gari la waya la Lubumbashi na kamera ya Mexico, moja kimya na moja yenye kujibu, yametimiza yote mawili, na kwa hiyo ni ndugu, ingawa mafundi wake hawatumii zana zilezile.

Limebaki suala la uhai. Msanii wa mashine huiona kazi yake ikizeeka kabla yake. Pulse Room iliundwa kwa globu za uzi, na Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni mwaka 2009. Programu hupitwa na wakati, na vipuri huacha kutengenezwa. Wenye makumbusho wanajadiliana: kubadilisha globu ni kuihifadhi kazi au ni kuighushi? Wazaramo walikwisha jibu kwa vitendo. Mwana hiti alipoliwa na mchwa, alichongwa mwingine, na hakuna aliyesema kwamba huyu si yule, kwa sababu kilichorithishwa ni umbo pamoja na namna ya kulitunza. Fundi wa Maili Moja anayekaza waya katika redio ya mtu anafanya vilevile. Redio inabaki ya mwenyewe hata kama nusu ya matumbo yake ni mapya.

Katika mkoa huohuo wa Pwani, kwenye Mto Rufiji, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa mwezi Februari 2024, na bwawa zima limekusudiwa kuzalisha megawati 2,115. Umeme haukosi kuwafikia vijana wenye mikono ya kusuka waya, na baadhi yao watataka kutengeneza sanamu zenye kuona na kusema. Sina shaka na akili yao. Ningependa tu kila mmoja wao, kabla hajaunganisha waya wa mwisho, ajiulize kazi yake itamwita mtu kwa jambo gani, na kama yeye mwenyewe, akiitwa hivyo, angeitika.