Je, Hatia ya Mtu Yaweza Kubebwa na Mwingine?

Ndugu zetu Wakristo hufundisha kwamba Yesu Kristo alizichukua dhambi za wanadamu, akafa msalabani kwa ajili yao. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu chake Cur Deus Homo alichokimaliza mwaka 1098, aliieleza itikadi hiyo hivi: dhambi ni kumnyima Mungu heshima Anayostahili, na mwanadamu hana cha kulipa, basi ilibidi alipe yule aliye Mungu na tena mtu.

Hoja hii yastahili kujibiwa kwa adabu, maana imewafariji wengi. Lakini na tuipime. Deni la fedha mtu aweza kumlipia mwenzake, na mdai akaridhika, kwani fedha ni fedha itokapo po pote. Hatia sivyo ilivyo. Mtu akiua, na ndugu yake mwema akajitolea kunyongwa mahali pake, je, hakimu akikubali atakuwa ametenda haki? Muuaji angali muuaji, na sasa wamekufa wawili wasio na kosa. Hiari ya yule mwema yaonyesha upendo wake, lakini haimtakasi mwovu.

Torati yenyewe (Kumbukumbu la Torati 24:16) yakataza baba kuuawa kwa kosa la mwanawe, na Nabii Ezekieli (18:20) afundisha vivyo hivyo. Kurani Tukufu (6:165) nayo yakataa hatia ya mtu kutwikwa mwingine.

Naye Yesu a.s. alifundishaje? Katika mfano wa mwana mpotevu (Luka 15), baba alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia na kumkumbatia. Hakudai fidia, wala hakumwadhibu kwanza yule mwana mkubwa ndipo apate kumsamehe mdogo.

Huenda mchunguzi akauliza kwa hofu: “Ikiwa hakuna wa kunibebea dhambi zangu, nitaokokaje?” Ndugu mpenzi, hakimu wa duniani amefungwa na sheria asiyoitunga, lakini Mwenyezi Mungu ni Mwenye Siku ya Malipo, Akisamehe, hakuna Anayemdhulumu. Atakalo kwako ni toba ya kweli: ujute, uliache kosa, na umrudishie mwenzio haki uliyomnyang'anya. Kazi hiyo hakuna awezaye kukufanyia, lakini mlango wake u wazi usiku na mchana.

Mwenyezi Mungu atujalie sote kuingia. Amin.