Ufunguo wa Kabati

Kwa muda wa miaka 17 nilitembea na ufunguo mfukoni ambao haukuwa wa nyumba yangu wala wa ofisi yoyote iliyonilipa mshahara. Ulikuwa wa kabati lililowekwa katika chumba cha nyuma cha shule moja hapa Tabora, na ndani yake mlikuwa na madaftari 412.

Katika miaka ya 1970, Elimu ya Kujitegemea ilipokuwa bado moto, walimu waliwatuma wanafunzi vijijini kuwauliza wazee habari za kale. Wazee waliokuwa watoto reli ilipofika Tabora mwaka 1912 walikuwapo bado, na wengine baba zao walibeba pembe na nguo katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Wanafunzi waliandika kwa penseli, Kiswahili na Kinyamwezi vikichanganyika. Kisha madaftari yakasahauliwa.

Mwaka 1996 tulianza kuyanakili, watu watano: mimi, mwalimu mwenzangu, karani mstaafu wa reli, bwana afya, na bibi mmoja aliyekuwa muuguzi, ambaye hati yake ilitushinda sote kwa uzuri. Kila Jumamosi alasiri tulikutana, tukanakili kwa wino na kuandika kadi kwa kila jina la mtu na la mahali. Hatukupewa hata nauli. Nakiri kwamba sijapata kuwa na furaha ya kazi kama ile, hata nilipokuwa na shule nzima chini yangu.

Mwaka 2013 walikuja vijana wawili, mmoja wao binti niliyemfundisha mwenyewe. Walileta kamera na kompyuta. Wangepiga picha kila ukurasa, kisha watu popote walipo wangegawiwa ukurasa mmoja mmoja wauandike, na mwingine ausahihishe. Binti alinieleza kwamba huko Marekani Michael Hart alianza mwaka 1971 kwa kuliingiza Azimio la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, akaendelea kuandika vitabu kwa mkono wake, yeye na waliomsaidia. Na kwamba mwaka 2000 wenzao walibuni utaratibu huo wa kugawana kurasa, hata vitabu vikawa vinamalizika kwa wingi usiotazamiwa.

Tulikuwa na majibu tele. Umeme unakatika. Kompyuta itaibwa. Kijana wa Dar es Salaam atajuaje majina ya huku? Mimi nilikuwa na jibu la kistaarabu kuliko yote: "Wanangu, kwanza tumalize kunakili." Nani angepinga? Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, ila sikuifanya siku ile: katika miaka 17 tulikuwa tumenakili madaftari 190. Yaliyobaki, 222, yangetaka miaka 20 mingine, nami nilikwisha kupita sitini.

Vijana walipoondoka karani akasema jambo ambalo hakuna aliyelijibu: "Mwalimu, wakishapiga picha zao, sisi Jumamosi tutakuja kufanya nini?"

Njia hii yetu imekwisha kuona jambo kama hilo. Msafara ulichukua kama miezi mitatu kutoka pwani kufika hapa, kila mpagazi na frasila mbili hivi begani, yaani kilo zipatazo 30. Mbele alikwenda kirangozi, aliyejua maji yako wapi na mtawala gani atadai hongo. Kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani akarudi ndiye aliyehesabiwa mwanamume. Reli ilipofika, ujuzi ule wote ukageuka hadithi. Mzigo ulishuka mabegani mwa watu, na sioni wa kulisikitikia hilo. Lakini miaka yote niliyofundisha somo la reli sikuwahi kuuliza darasani kirangozi aliamka asubuhi ya pili akafanya nini.

Watu husema wazee huogopa mashine. Kwetu haikuwa hivyo. Karani aliishi na mashine tangu ujana wake. Mtu wa mshahara ukimbadilishia kazi, mshahara wake anabaki nao. Anayejitolea malipo yake ni ile kazi yenyewe, jinsi anavyoijua, na kule kuulizwa na wengine kwa sababu anaijua. Sisi tulikuwa na daftari zima, na mzee ndani yake akizungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa tulikuwa tunapewa ukurasa.

Je, aliyetoa bure ana haki gani juu ya alichokitoa? Zamani ningesema ana haki ya jasho lake. Lakini madaftari hayakuwa yetu. Yalikuwa maneno ya wazee na penseli za watoto. Chetu kilikuwa zile Jumamosi, na hizo tulikwisha kuzitoa. Haki iliyobaki ni kuulizwa. Vijana walikuja na mpango uliokamilika, wasituulize tumejifunza nini kwa miaka 17. Tulikuwa na haki ya kuudhika. Haki ya kushika ufunguo hatukuwa nayo, nami nilikoroga hizi mbili makusudi.

Mwezi Januari 2015, katika mvua kubwa, paa lilivuja nyuma ya kabati. Milango ilikuwa ya mninga, ambao mchwa hawaupendi, lakini ubao wa nyuma ulikuwa wa mti laini. Nilipofungua, rafu ya chini ilikuwa udongo. Madaftari 46, na hakuna hata moja lililonakiliwa, kwa kuwa sisi tulianzia rafu ya juu. Mojawapo niliwahi kulisoma. Lilieleza jinsi wapagazi walivyogawana maji ya mwisho katika nyika. Nakumbuka nilistaajabu, walivyogawana sikumbuki.

Binti hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Nilimpa ufunguo. Waliyamaliza yaliyobaki kwa siku tisa.

Sitaki msomaji adhani vijana walipata yote. Mwandishi mmoja wa mbali alikuta neno "kirangozi", akaliona kosa, akalisahihisha kila mahali kuwa "kiongozi". Karani ndiye aliyeligundua, na tangu hapo kila ukurasa ulipitia kwake mwisho. Alifanya kazi hiyo hadi macho yalipomkatalia.

Yule bibi hakurudi. Nilikwenda kwake mara mbili. Alinipokea vizuri, tukala ugali na mlenda, akaniuliza habari za goti langu. Kila nilipotaja madaftari aligeuza mazungumzo, nami nimeacha kuyataja.