Mtoto Akianguka, Mwinue Kwanza



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, hili tumeliona mara nyingi. Mjukuu anakimbia uani, anajikwaa, goti linachubuka, anakwenda kwa babu yake barazani huku analia. Neno la kwanza linalomtoka babu: "Si nilikukataza? Umeona, Mungu kakuonyesha!" Hatulisemi kwa ubaya, tumelirithi. Lakini leo tulipime kwa mizani ya dini.

Mtume (S.A.W.) naye alikuwa babu. Burayda (R.A.) amepokea kwamba Mtume alikuwa akihutubu, wakatokea wajukuu zake Hassan na Hussein wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Akashuka mimbarini, akawabeba, akawaweka mbele yake. Kisha akawaeleza watu kwamba hakuweza kustahimili kuwaona vile mpaka alipokatiza maneno yake. Ikiwa hotuba ya Mtume ilisubiri, gumzo letu la barazani lina haki gani ya kutangulia?

Tena tumefundishwa kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Haandikiwi dhambi. Basi sisi tumeitoa wapi hukumu kwamba goti lake ni adhabu? Mtoto wa miaka 5 hajasoma tafsiri wala fiqhi. Anamjua Mola wake kwa yale anayoyasikia kwa wakubwa, na analolisikia akiwa na maumivu halimtoki upesi.

Ama wewe babu, fungu lako lipo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume ametaja uchovu, maradhi, hamu na huzuni, hata mwiba unaomchoma Muislamu, kwamba Allah humfutia kwa hayo sehemu ya makosa yake. Basi ule moyo unaokuuma ukiona damu ya mjukuu wako, usiudharau; nao unahesabiwa.

Tufanyeje, basi? Mwinue, mpakate. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunge kwa kitambaa safi. Ikiwa ni kirefu, au kachomwa na msumari, mpeleke zahanati, kwani kutafuta tiba ni katika Sunna. Kisha msomee dua. Mtume akiwakinga wajukuu zake kwa maneno ya Allah yaliyotimia, akisema kwamba Nabii Ibrahim naye aliwakinga kwayo Ismail na Is-haq. Na makanyo ya kukimbia ovyo yana wakati wake: kilio kikishakwisha, kwa sauti ya upole.

Ewe Mola wetu, wakinge watoto na wajukuu zetu, waponye wanaoumwa, na zilainishe ndimi zetu ili watoto wakutambue kwa rehema Yako kabla ya kitu kingine. Aamin, yaa Rabbal-aalamin.