KUHUISHA ARDHI ILIYOKUFA



Katika vitabu vya fiqhi tuvisomavyo kwa madhehebu ya Imamu Shafii, umo mlango mzima wa Ihyaaul-mawaat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa. Ardhi iliyokufa ni ile isiyo na mwenyewe wala haikuamirishwa; na kuihuisha kwa ukulima ni kuisawazisha na kuifikishia maji. Mlango huu twausoma, twafunga kitabu, kisha twatoka msikitini tukiruka taka.

Angalieni Kisauni na Likoni, na njia yote ya kwendea Mtwapa. Wazee wetu waliacha huko minazi na miembe. Leo shamba hukatwa viwanja, mnazi ukaangushwa, ukuta ukasimama. Na mchicha twaungoja uletwe kwa gari, kisha twalalamikia bei. Watu hawana budi na nyumba, hilo halikatazwi. Lakini kiwanja kilichozungushiwa ukuta miaka kumi, hamna nyumba wala shina la muhogo, chamfaa nani?

Wala asiseme mtu kwamba ardhi yetu imekwisha haribika. Pale Bamburi palikuwa na mashimo yaliyochimbwa mawe ya kufanyia saruji: matumbawe matupu, udongo hapana, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kujaribu miti humo. Mingi ilikufa, mvinje ukastahimili. Majani yake yakaanguka yasioze, hata akaletwa jongoo, huyu huyu ambaye watoto wetu humpiga fimbo, akayala na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu, na watu hulipa kiingilio wapate kutembea kivulini. Na wenye mlango wa Ihyaa ni sisi!

Sisemi mtu akamege ardhi ya mwenziwe kwa hoja ya mlango huu. Hiyo ni dhulma. Nasema tuanze na iliyo mikononi mwetu: viwanja vya wakfu vilivyolala, na nyua za misikiti. Maji ya udhu yaliyokwisha tumika, kwa madhehebu yetu, ni tahiri ingawa hayatahirishi tena. Mbona twayamwaga mtaroni? Mpapai na mndimu hauulizi kama maji yametumika. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha ya kwamba Mwislamu apandapo mti, kila kiliwacho humo na mtu, ndege au mnyama huandikiwa kuwa sadaka yake. Hata mwizi wa maembe, basi, hutuongezea thawabu, japokuwa yeye ana hesabu yake.

Enyi wasimamizi wa wakfu na kamati za misikiti, twawaomba kabla ya mvua za masika kila msikiti uchimbiwe mfereji wa kupeleka maji ya udhu kwenye miti, na kila kiwanja kilicholala kipewe mtu wa kukilima kwa mapatano yaliyoandikwa, na mazao yatumike kwa sharti la yule aliyeweka wakfu.