Kazi Mbaya si Mchezo Mwema

Methali hii husemwa na mtu aliyechoka. Mara nyingi ni baba wa makamo aliyerudi kutoka kazini jioni, akamkuta babu na mjukuu barazani wameinamia bao, na salamu yake ikaitikiwa nusunusu.

Maana ya juu haina utata: kazi, hata ikiwa duni na ujira wake haba, ni afadhali kuliko mchezo mtamu. Kibarua cha kubeba matofali huumiza mgongo, lakini jioni hutoa unga. Bao halitoi.

Ila methali haikusema kwamba mchezo ni mbaya. Imeukubali wema wake, kisha ikaunyima nafasi ya kwanza. Anayeitamka naye anatamani kukaa, haja tu ndiyo haimruhusu. Ndiyo maana karipio lake lina chembe ya wivu. Babu mapumziko yake ameshayalipia kwa miaka ya jua. Mjukuu hajaanza kuyalipia. Aliye katikati analipia ya wote wawili, na ya kwake hayaoni.

Hebu tazama kinachoendelea pale ubaoni. Mashimo 32, kete 64 za komwe. Wakati wa kunamua, kila mmoja huingiza kete zake mojamoja, na ile nyumba, shimo la mraba, ina kete sita tangu mwanzo. Mtoto ana hamu ya kuicheza mapema. Babu anamshika mkono: "Ngoja, mjukuu wangu. Hesabu kwanza zitaishia wapi." Mtoto anahesabu kwa macho, midomo ikimchezacheza.

Mtetezi wa baraza atadakia hapo: si unaona, anafunzwa subira na hesabu, vitamfaa kazini! Utetezi huo siupendi. Unauhalalisha mchezo kwa kuugeuza kazi, na kwa hiyo umeshakubali mizani ileile ya methali. Babu hakumwita mjukuu ili amfunze subira. Alimwita kwa sababu wenzake wa rika wamekwisha kufa, naye anataka wa kucheza naye. Kwenye jambo hilo methali haina kipimo. Inajua kupima kinachoingia chunguni, haijui kupima nani amekaa na nani.

Hata hivyo haki yake inabaki. Kahawa inayoletwa barazani haijichemshi. Nyuma ya ukuta yupo binti anayepepea mkaa, rika moja na huyo mjukuu, na hakuna aliyewahi kumwita ajifunze kunamua. Mchezo ni mwema kwa waliokaa. Yeye wema huo unamfikia kama vikombe vya kuosha. Akiitamka methali hii yeye, sina la kumjibu. Akiitamka baba, naye amekaa akingoja kahawa hiyohiyo, nitamwambia aende kwanza akampokee binti kipepeo.